Mafiga ya Crowder

Tillman Landing, Arkansas
Jumatatu, Oktoba 3, 1988

Mjomba Lucious,

Natumaini barua hii itaikuta boti yenu ikiwa bado inaelea. Hapa mvua hatujaiona tangu Juni. Mama anakusalimu na anauliza kama unakula mboga.

Mjomba, nina shida, na shida yenyewe inaitwa timu ya Crowder. Tunacheza nao Ijumaa ya tarehe ishirini na moja. Wapokeaji wao watatu, wale wa kudaka mpira, hawasimami mbalimbali kama watu wastaarabu. Wanabanana upande mmoja, mmoja mbele na wawili nyuma yake, mafiga kabisa, imebaki chungu tu. Mpira ukianza wanapishana: huyu ndani, yule nje, wa tatu anakimbilia mbali. Sisi tunaowakaba tunagongana wenyewe kwa wenyewe, helmeti kwa helmeti, na mrushaji wao anamtupia mmoja aliyebaki peke yake kama bwana harusi.

Kocha Haskew anasema tusichague mtu. Tungoje. Atakayetoka nje ni wangu, atakayeingia ndani ni wa Bo Tackett, wa mbali ana mtu wake nyuma yetu. Kwa maneno ni rahisi. Lakini kungoja kunaniua, Mjomba. Nikingoja miguu inaota mizizi.

Na siku hiyo atakuja mtu wa chuo cha jimbo. Anatafuta mkabaji mmoja wa pembeni wa kumsomesha bure. Mmoja tu. Kocha amenipigia debe, na huyo mtu amesema atakuja kuniona mbele ya Crowder hasa, kwa sababu ya hayo mafiga. Nisipopata nafasi hii, Mama ameshaongea na msimamizi wa kinu cha pamba.

Wewe ulisema uliwahi kuwazuia Crowder. Uliwazuiaje? Mama anasema uliacha shule darasa la nane. Sasa ulicheza lini?

Mpwa wako,
Delvin Oakes

*

Ndani ya boti Miss Arlene, mtoni
Jumapili, Oktoba 9, 1988

Mpwa wangu Delvin, nyundo ya ukoo,

Mimi ni mzima kama nguzo ya daraja. Mto ndio mgonjwa. Maji yamekauka hadi tumekwama hapa chini ya Memphis na matishari yetu yote ya mahindi, tumepanga foleni na boti nyingine kama ng'ombe mlangoni kwa mkamuaji. Mashine ya kuchimba mchanga inachimba, mchanga unarudi. Barua zinakuja na kuondoka na boti ya vyakula, na hiyo nayo inakuja ikijisikia. Juzi nilimvua kambale mkubwa, akaanza kulivuta tishari moja kuelekea Louisiana, ikabidi nikate kamba kwa usalama wa mali ya kampuni. Purvis, mpishi wetu, alikuwepo. Usimwulize.

Sasa Crowder. Mama yako alikuwa bado ananyonya kidole, usimsikilize. Kuacha shule sikatai, lakini mpira uliachwa na nani? Jumapili tulikuwa tunacheza nyuma ya kinu cha pamba, watu wazima, bila helmeti. Mwaka 1957 Crowder walituletea mafiga hayohayo. Wawili mapacha, na wa tatu ana mbio hata mbwa walishaacha kumfukuza. Nikawaambia wenzangu, "Nyie kaeni kivulini, kuleni tikiti maji." Nikasimama peke yangu. Mpira ulipoanza nikamdaka wa kwanza kwa mkono wa kulia, wa pili kwa wa kushoto. Wa tatu nikamtazama. Nilimtazama tu, mpwa wangu. Akakaa chini mwenyewe.

Huyo Haskew ni mtu mzuri, baba yake alikuwa anatengeneza viatu. Lakini kungoja ni kazi ya mgonjwa aliye kwenye benchi la daktari. Mkabaji hangoji! Sikiliza:

Chagua mtu wako kabla mpira haujaondoka. Mtazame kiunoni. Macho yanadanganya, mabega yanadanganya, lakini kiuno hakiwezi kwenda Jumatatu mwenyewe akaenda Jumanne. Akienda ndani, nenda. Akienda nje, nenda. Akienda chooni, mshikie mlango. Gandana naye kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Yakifanyika hayo, huyo mtu wa chuo atakuja na kalamu mkononi, atakuomba wewe umtilie sahihi.

Ningekuwepo ningesimama pembeni nikuelekeze. Lakini hii barua ni sawa na mimi.

Mjomba wako, mfalme wa mto kutoka Cairo ya huku kwetu hadi baharini,
Lucious Strayhorn

*

Tillman Landing
Jumamosi, Oktoba 15, 1988

Mjomba,

Barua yako imefika jana. Nimeisoma hadi imeanza kuachia kwenye mkunjo.

Leo nimejaribu mazoezini, mara moja tu. Nikachagua wangu, nikaganda naye, nikampokonya mpira mikononi. Miguu haikuota mizizi! Kocha akapiga filimbi utadhani kuna moto. "Oakes! Nani kakwambia umfuate huyo?" Nikamrudishia mpira. Akasema, "Ukimfuata, uwe unamfuata hadi kwenye benchi." Sikukutaja.

Baadaye tukivua viatu Bo akaniambia, "Del, mimi sijaipenda hiyo. Tukubaliane moja." Nikamwambia, Bo, wewe mjomba wako anauza bima. Wangu aliwazuia Crowder peke yake, wenzake wanakula tikiti maji. Bo akacheka hadi akakaa chini. Nikamwambia na yule wa 1957 alikaa hivyohivyo.

Basi nimeamua. Kocha nitamfuata mchezo mzima ili asinitoe. Lakini ikifika ile dakika yenyewe, ile ya kufa na kupona, nitafanya kama ulivyosema. Barua yako nitaiweka ndani ya soksi.

Delvin

*

Miss Arlene, palepale
Jumanne, Oktoba 18, 1988

Delvin mpwa wangu,

Soma barua hii kabla hujavua kofia. ACHANA NA NILICHOKUANDIKIA. Mfuate Kocha. Ngoja. Atakayekuja kwako ndiye wako.

Nikueleze ilivyokuwa, usije ukadhani nimelishwa uchawi. Jana wakati wa chakula nilikuwa nawasimulia hawa jamaa vile ulivyo na mjomba mwenye maarifa. Nikapanga mezani chupa tatu za pilipili, zile za Crowder, mafiga kabisa. Nikaweka vikombe vya kahawa: hiki wewe, hiki Bo, hiki wa nyuma. Nikamwambia Purvis asukume chupa na mimi nisukume vikombe.

Purvis akasema, "Strayhorn, chumvi unayotia kwenye hadithi zako ingehifadhi nguruwe wa kaunti nzima."

Nikamwambia, "Sukuma, wacha domo."

Akasukuma. Chupa ya mbele haikwenda popote, ilisogea kidogo tu ikasimama njiani kama mkwe asiyeaga. Kikombe chako kikamfuata mtu wake ndani, sawasawa na nilivyokuagiza. Kikazunguka ile chupa, kikakutana uso kwa uso na kikombe cha Bo. Paa! Kahawa yote kwenye suruali ya Kapteni. Na ile chupa nyekundu, ya nje, ikabingirika peke yake, polepole, hadi ukingoni mwa meza, ikaanguka sakafuni. Hapakuwa na mtu wa kuizuia.

Wote walicheka. Kapteni pia alicheka, na suruali ilikuwa mpya. Mimi nikaziokota zile chupa nikazipanga tena. Nikajaribu kwa kasi. Nikajaribu kwa kuanzia mbali. Kila mara ya nje inaanguka.

Sheria yangu ni nzuri kwa mtu kama mimi, mwenye mikono miwili ya ziada. Kwa binadamu wa kawaida, Haskew ndiye mwenye haki. Usimwambie nimesema.

Jumatano. Boti ya vyakula haijaja. Barua hii ninayo mfukoni.

Alhamisi. Imeonekana kwa mbali, ikageuka. Wanasema imegusa mchanga. Nilipunga shati hadi bega likauma. Nikamwomba Kapteni anipe kile kimtumbwi cha injini nivuke, akasema mara ya mwisho nilipokichukua nilirudi na hadithi bila injini. Hilo ni kweli.

Ijumaa, usiku. Samahani kwa mwandiko.

Saa kumi na mbili jioni nilikwenda kwa Kapteni Guidry kuomba simu ya redio. Simu hii unaijua: ukiongea, kila boti iliyokwama mto mzima inasikia, na nusu ya mabaharia hawa ni watu wa Crowder. Kapteni akasema, "Strayhorn, simu hii ni ya kampuni au ya msiba. Nani kafa?"

Nikamwambia, "Bado, Kapteni."

Akanitazama, akanipa.

Nikamwambia dada wa mitambo ya simu aniunganishe na nyumbani kwenu. Ikaita. Ikaita. Nilikuwa tayari kuyasema hadharani, Delvin, Crowder wasikie na samaki wasikie. Ikaita tu. Dada akasema, "Haipokelewi, bwana."

"Endelea, dada yangu."

"Bwana, leo ni Ijumaa. Kwenye hiyo miji hakuna hata paka aliye ndani. Wote wako uwanjani."

"Basi niunganishe na uwanja."

"Uwanja hauna simu, bwana."

Hapo sauti ikaingia kutoka boti nyingine, "Strayhorn! Mwambie huyo kijana amtazame tu, atakaa chini mwenyewe!" Wakacheka boti hadi boti. Hadithi yangu imeshafika kila mahali, isipokuwa nilipotaka iishie.

Mechi niliisikiliza kwenye redio ndogo ya Purvis, yeye kashika waya juu ya paa kama bendera. Sauti ilikuwa inakuja na kupotea. Nilisikia ukipora mpira robo ya pili. Nilisikia mtangazaji akisema Oakes, Oakes, Oakes. Nilipiga kelele hadi mabaharia wa jirani wakawasha taa. Nyinyi kumi na nne, wao kumi. Dakika ya mwisho, Crowder wako karibu kabisa na mstari wenu wa bao. Mtangazaji akasema, "Wapokeaji watatu wanabanana, upande wa Oakes..." Na ile mashine ya kuchimba mchanga ikawashwa. Redio yote ikawa mvumo. Nilimtukana mwendesha mashine na ukoo wake hadi mvumo ukaisha. Ulipoisha, walikuwa wanatangaza mbolea.

Kwa hiyo sijui. Naikunja barua hii bila kujua.

Mjomba wako,
Lucious Strayhorn

*

Tillman Landing
Jumapili, Oktoba 23, 1988

Mjomba,

Tumefungwa kumi na saba kwa kumi na nne. Najua utakuwa umesikia.

Nataka ujue kwamba ushauri wako haukuwa na kosa. Nilicheza vizuri. Niliuchukua mpira mmoja robo ya pili, na Kocha alinipiga kofi la mgongo. Ile ya mwisho niliteleza tu. Majani yalikuwa na maji. Nimemwambia Kocha hivyo, na yule mtu wa chuo alipouliza nikamwambia hivyohivyo. Aliandika kitu, akaniambia jibu litakuja mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo usijisumbue. Kuteleza hakuna mwenyewe.

Bo hasemi na mimi sana, lakini yeye ndivyo alivyo.

Ulipata kambale mwingine?

Mpwa wako,
Delvin

*

Tillman Landing
Jumatatu, Oktoba 24, 1988

Kaka Lucious,

Delvin hajui kama nakuandikia.

Mtoto wangu hali. Jana nimempikia kuku na mkate wa mahindi, akauzungusha mkate kwenye sahani kama anatafuta kitu alichodondosha. Anasema aliteleza. Kaka, hapa hata umande hatuna. Majani ya uwanja yanakatika kama makapi. Watu elfu mbili walikuwepo wamekalia vumbi, na mwanangu anawaambia kulikuwa na maji.

Nilimbana Bo Tackett dukani. Akaniambia: "Bi Earnestine, wa nje ndiye aliyekuwa wake. Alitakiwa angoje tu, yule angekuja mwenyewe kifuani pake. Badala yake akamfuata wa ndani, akanivaa mimi, tukaanguka wote. Kale kafupi ka Crowder kakatembea hadi mstarini. Hakakukimbia, Bi Earnestine. Kalitembea."

Nikamwuliza kwa nini. Akasema nikuulize wewe.

Nilipokuwa nafua soksi zake nilikuta karatasi imeloa jasho, wino umeenea. Sikuweza kusoma ila "kupe" na "ng'ombe." Hakuna mwingine duniani anayeandika hivyo.

Wewe ni kaka yangu na ulinibeba mgongoni nikiwa na homa. Lakini mtoto huyu ameanza kusema uongo, na anausema vibaya, na anausema kwa ajili yako. Mzee Nobles wa jirani, yule asiyetembea, anasema Ijumaa simu yetu ililia hadi akaomba Mungu inyamaze. Kama ulikuwa wewe, ulikuwa unataka nini?

Kula mboga.

Earnestine

*

Miss Arlene
Jumapili, Oktoba 30, 1988

Mpwa wangu Delvin,

Barua zako mbili na ya mama yako nimezipata kwa mkupuo jana, boti ya vyakula ilipofika hatimaye. Yangu ya kukukataza iliondoka hapo hapo. Kwa hiyo utaisoma siku moja na hii, au utaisoma hii kwanza. Mto huu hauna adabu ya kupanga.

Kwanza, kuhusu kuteleza. Mimi kwenye fani hiyo ni mzee, na nakwambia uongo ule ni mbaya. Mwaka wa ukame mtu hatelezi. Ungesema umepigwa na jua, ungesema nyuki. Nilipofika hapo nikajikuta tayari nakutungia mwingine ulio bora, wenye nyuki na paa la kinu na mbwa wa shemasi, na ulikuwa mtamu, Delvin. Nikaweka kalamu chini. Nimeshakupa ushauri wa kutosha.

Leo baada ya chakula nilimwomba Kapteni simu. Hakuuliza nani kafa. Jumapili watu wako majumbani, nikajua Haskew atakuwepo. Akapokea mlio wa pili. Niliisikia familia yake, mtu anaomba apitishiwe viazi.

Nikasema, "Kocha, ni Lucious Strayhorn, mjomba wa Delvin Oakes. Nipo mtoni."

"Lucious! Bado hamjazama?"

"Kocha, yule mtu wa chuo ameshajibu?"

Akasema, "Ananipigia kesho asubuhi. Lakini nisikudanganye, amepoa. Na si kwa lile bao, mabao kila mtu anafungwa. Kinachomkera ni huko kuteleza. Alikuwa amesimama hatua chache pale, vumbi hadi kwenye miwani. Anasema mchezaji anayekosea atamfundisha, mchezaji anayemdanganya hamtaki."

Delvin, mto wote ulikuwa unasikiliza. Nilikuwa nasikia boti nyingine zikipumua kwenye simu.

Nikasema, "Kocha, mtoto hakuteleza. Nilimwandikia barua. Nilimwambia asikusikilize wewe, achague mtu amfuate. Alinitii mimi. Anasema ameteleza ili asinitaje. Mwambie huyo mtu hivyo kesho. Mwambie kosa ni la Lucious Strayhorn, jina la ukoo herufi tisa, nitamtajia."

Kocha Haskew akacheka.

Hakucheka kwa ubaya. Alicheka kama mtu anayempenda mtu. Akasema, "Lucious, Lucious. Hadithi zako zinafika hadi huku: kambale alivuta tishari. Uliwazuia Crowder peke yako. Sasa hata kosa la mtoto unataka liwe lako?"

Nikasema, "Kocha, naapa kwa kaburi la mama yangu."

Akasema, "Nimesikia uliapa hivyohivyo kuhusu yule kambale." Nikasikia akiwageukia watu wake mezani, "Ni Lucious, anasema ndiye aliyetufungisha." Wakacheka wote, na watoto. Halafu boti zikaanza. Moja baada ya nyingine, toka juu hadi chini ya mto, jamaa wanacheka na kupiga honi. Purvis tu hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo.

Nilipiga kelele, "Muulizeni Bo! Muulizeni Bo Tackett!" Sijui kama ilisikika kwenye zile honi.

Mpwa wangu, wewe unayo ile barua, hata kama wino umeenea. Ipeleke kwa Kocha. Ipeleke kabla ya kesho asubuhi. Naandika hivyo na najua hii haitaondoka hapa hadi Alhamisi, ikiondoka. Lakini naandika. Sina kingine cha kufanya kwa mikono hii.

Baadaye honi zilinyamaza. Nilikuwa bado nimeshika simu. Yule dada wa mitambo akaniuliza taratibu, "Mazungumzo yamekwisha, bwana?"

Nikamwambia bado. Lakini Kocha alikuwa ameshakata.

Mjomba wako,
Lucious